Koo la Wifi

Asubuhi ile niliamka na kibanio cha nguo mkononi. Si kwamba nilikuwa na nguo za kuanika. Kibanio kile nilikuwa nakilalia chini ya mto, na kila kulipokucha, kabla sijamsalimu mtu, nilikibana kwa kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kuona kama kitafunguka. Siku hiyo kilifunguka kidogo, kikaniponyoka, kikaanguka sakafuni. Mume wangu akauliza, "Nini hicho?" Nikamwambia panya.

Sikuwa mgonjwa. Hilo nilitaka lieleweke kwa kila mtu, kuanzia kwangu mwenyewe. Aliyekuwa mgonjwa ni gitaa langu. Lilikuwa gitaa la umeme la zamani, jina la aliyelitengeneza limefutika kichwani pake muda mrefu, na kwa miezi mingi lilikuwa limeanza kukoroma. Unabana uzi, badala ya sauti unapata mkwaruzo. Unalipatanisha sauti zake sasa hivi, wimbo haujaisha limeshapotea. Basi nikajipigia hesabu yangu: gitaa likikoroma, kidole hubana zaidi, kidole kikibana zaidi huchoka, kikichoka hufa ganzi. Kwa hiyo dawa ya ganzi ni gitaa jipya. Hesabu hiyo ilinikaa vizuri kama nguo ya kushonesha, na sikutaka mtu aniguse pindo.

Lakini usiku nikinyoosha mkono kuchukua bilauri ya maji, vidole viwili vya mwisho vilibaki vimelala, na hapo hapakuwa na gitaa la kulaumu.

Bendi yetu ni ya kifamilia. Kaka yangu mkubwa ndiye kiongozi na ndiye mpiga besi. Mke wake, yaani wifi yangu, ndiye mwimbaji. Binamu yetu anapiga kinanda, na ngoma anapiga jirani ambaye tangu utoto tunamwita Kelele. Gitaa ni langu tangu kabla sijaolewa. Tunapiga kwenye harusi, mahafali, na popote watu walipo na sababu ya kucheza. Na tuna desturi moja isiyopingwa: nyuzi za magitaa yote huvalishwa na kaka. Ilianza nilipokuwa msichana, nikikata uzi nalia, naye ananinyang'anya gitaa na kulitengeneza ili apate amani. Tukakua nayo. Kila baada ya wiki kadhaa analichukua gitaa langu, analirudisha limevalishwa na kusafishwa. Mimi najua kula, sijui kuwasha jiko.

Jumamosi ya wiki hiyo mwenye hoteli mmoja alikuwa atusikilize. Hoteli ina ukumbi, ukumbi una jukwaa, na alikuwa anatafuta bendi ya kudumu, ya kupiga kila mwisho wa wiki. Kwa wenzangu hiyo ilikuwa habari ya kushangilia. Mimi ilininyima usingizi. Vidole vyangu vikiniangusha mbele ya mtu yule, watahitaji mpiga gitaa mwingine, na hawatakuwa na kosa. Halafu mimi nitakuwa nani? Dada wa kiongozi. Mke wa mtu. Yule anayeshikilia mikoba wenzake wakiwa jukwaani.

Kwa hiyo nilisema ninakwenda dukani kuchagua gitaa.

"Gitaa lako halina kasoro," kaka akasema. Alisema haraka mno, kama mtu aliyesubiri swali.

"Linakoroma kuliko baba yetu."

"Nitalitazama."

"Umelitazama mwaka mzima, kaka. Kila ukilitazama linazidi."

Akamwangalia mkewe. Wifi akaweka kikombe chini na kusema, "Nitakwenda naye mimi."

Sasa lazima niseme kuhusu koo la wifi, maana bila hilo hakuna hadithi. Mwaka mmoja nyuma, mazoezini, kaka alitutangazia kwamba koo la mke wake limechoka. Mahali pa juu hapafikii tena. Kuanzia siku hiyo, akasema, bendi nzima itashuka sauti moja kamili: nyuzi za magitaa zilegezwe, kinanda kishushwe, na kila wimbo tuupige chini kuliko tulivyouzoea. Wifi alikuwa amesimama pembeni anatazama viatu vyake.

Mimi mdomo wangu hauna mlango. Nilimbatiza jina siku hiyo hiyo: Bibi Koo. Nikawa namnunulia peremende za asali, zile za kikohozi, na kumpa mbele ya watu. "Nyonya, wifi, labda utatupandisha." Kwenye harusi nilichukua maikrofoni na kuwaambia wageni, "Mtuvumilie, mwimbaji wetu ameshuka ngazi moja, magoti hayamruhusu kupanda." Watu wanacheka, na wifi anacheka nao, mkono shingoni. Utani wa mawifi ni halali, kila mtu anajua. Na kusema kweli nilifurahi. Kama kuna mwenzako anayeonekana kuzeeka, hakuna atakayekutazama wewe mikono.

Tulikwenda kwa miguu, mimi na gitaa langu mgongoni, wifi na mkoba wake.

"Hilo la zamani unalibebea nini?" akauliza.

"Nataka kulinganisha. Utalinganishaje kitu kimoja?"

"Lakini ni zito. Tungeliacha nyumbani."

"Nani analibeba, wewe au mimi?"

Wifi alikuwa anausokota mshipi wa mkoba, anaufungua, anausokota tena. Nikadhani ni ile hofu yake ya kawaida juu ya bei za vitu. Nikampa peremende. Akaipokea, akaitia mkobani.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chembamba, magitaa yamening'inia ukutani pande zote mbili, na hewa yake ilinuka vanishi na gundi. Mwisho kabisa kulikuwa na meza ya fundi. Alikuwa mtu mnene, miwani imepanda kwenye paji la uso, tambara jeusi begani. Vichwa vya magitaa ya ukutani vyote vilikuwa vimefungwa vitambaa, vimekaa kama wagonjwa wa meno.

"Mbona umeyafunika?" nikauliza.

"Majina," akasema. "Watu wananunua kwa macho, halafu wanarudi kunilalamikia kwa masikio. Hapa kwangu unapiga kwanza, jina unaambiwa mwisho. Unatafuta nini, mama?"

"Gitaa lisilonipiga vita."

"Hilo la mgongoni linakupiga?"

"Linakoroma. Halikai kwenye sauti. Linachosha mkono."

Akanyoosha mikono alipokee. Wifi akasema, "Mbona tusianze na mapya? Hilo tunalijua." Lakini fundi alikuwa ameshalipokea. Aliliweka mezani chali, akashusha miwani, akapitisha kucha chini ya nyuzi, kisha akazibonyeza moja moja kwa kidole cha shahada, taratibu. Akazibonyeza tena.

"Nani anakuvalishia nyuzi?"

"Kaka yangu."

"Naye ni fundi?"

"Anajifanya."

"Hapana, hajifanyi. Hii ni kazi ya mtu anayejua." Akageuza gitaa kwenye mwanga. "Amekuwekea nyuzi nyembamba kuliko zote zinazouzwa. Amezishusha chini mpaka zinakaribia kugusa shingo. Halafu juu ya hayo zimelegezwa sauti nzima. Ndiyo maana linakoroma, mama. Uzi umelegea, hauna pa kuchezea, unajipigapiga kwenye vyuma vya shingoni. Na ndiyo maana halikai."

"Kulegeza sauti ni kwa ajili ya mwimbaji," nikasema. "Huyu hapa. Koo lake limechoka."

Fundi akamtazama wifi. Wifi akatazama kabati la vipuri vya ngoma.

"Na nyuzi nyembamba?" fundi akauliza. "Ni za koo pia?"

"Labda ndizo alizozikuta dukani," wifi akasema upesi. "Tuone hayo mapya, jamani. Muda unakwenda."

Nilitaka kuuliza jambo, lakini jambo lenyewe lilikuwa bado halijapata umbo. Nikaketi kwenye kigoda. Fundi akaliegemeza gitaa langu ukutani na kunieleza utaratibu wake. Atanipa manne. Niyasikilize yanavyoshikika, nilikague lililojengwa vizuri na lililojengwa haraka, na mwisho kabisa ndipo tutazame kama bei yake inasema kweli. "Bei tuiache mwisho," akasema, "maana ikitangulia inaongea peke yake."

La kwanza lilikuwa na shingo ndefu na mwili uliochongwa vizuri ubavuni, linakaa mwilini bila kukuchoma mbavu. Sauti yake ilitoka safi, kama kengele ya mlango wa tajiri. Nikapiga chini chini, nikafurahi. Kisha nikabana nyuzi zote kwa pamoja, kidole kimoja kimelala, vingine vimesimama, na kile cha mwisho kikateleza.

"Nyuzi ngumu hizi," nikasema.

"Ni za kawaida."

"Basi shingo ni ndefu mno. Imetengenezwa kwa ajili ya twiga."

Akanikubalia. Akanipa la pili, lenye shingo fupi kidogo, nyuzi zake zinajivuta chini ya kidole kwa urahisi zaidi. Lilikuwa zito, mbao nene, limeunganishwa bila mstari unaouona, sauti yake nene imejaa kama uji. Nililipenda kabla sijalipiga. Nikapiga. Mkono wa kulia ukaenda kama zamani. Wa kushoto ukaenda mpaka katikati, ukaanza kuwaka moto kwenye kiwiko, vidole viwili vikawa vya mtu mwingine.

"Zito," nikasema. "Linanivuta bega. Bega likivutwa, mkono unachoka."

"Umeketi, mama. Lipo pajani."

Wifi akacheka kidogo, cheko la kikohozi. Nikamkata jicho.

La tatu lilikuwa na shingo nyembamba kuliko yote niliyowahi kushika, bapa, laini, unateleza huku na huku kama uko kwenye sakafu iliyopigwa deki. Fundi alisema vijana wanaopenda kukimbia juu ya nyuzi wanalililia. Nikajiambia, hili. Hili halina pa kunikataa. Nilivuta pumzi, nikaanza wimbo mwepesi tunaoufungulia harusi, na kidole cha mwisho kilipofika zamu yake hakikuja kabisa. Nilikitazama. Nilikuwa nakiamuru, na chenyewe kimekaa pale kimejikunja.

Jasho lilinitoka kwapani. Hesabu yangu ilikuwa inavunjika mbele ya macho yangu. Kama gitaa langu ndilo bovu, mbona mazima yote ni magumu kuliko lenyewe?

"Hili... limechongwa na mtu mwenye hasira," nikasema.

Fundi alifungua kitambaa kimoja baada ya kingine, labda kunipa nafasi ya kujifuta. Lile la shingo ndefu, Fender. Lile zito, Gibson. La shingo nyembamba, Ibanez. "Umeyakataa matatu ambayo watu wanagombana kwa ajili yake vijiweni," akasema, bila kejeli. "Hayana ubaya hata moja. Jaribu hili la mwisho. Kwa maoni yangu, kwa bei yake, humu dukani halina mpinzani. Usitazame bei. Piga kitu unachokipenda."

Kitu ninachokipenda. Upo wimbo ambao kaka na wifi waliutunga walipokuwa wachumba. Unaanza chini, unazungukazunguka kama mtu anayetafuta funguo, kisha unapanda, na pale juu kabisa kuna mahali ambapo wifi zamani alikuwa anasimama peke yake, vyombo vyote vimenyamaza. Mwaka mzima hajasimama pale. Hata baada ya kushushiwa bendi nzima, akifika pale alikuwa anainama na kupita chini, na mimi nyuma yake natikisa kichwa kwa wageni: mnaona.

Nikauanza wimbo ule. Niliupiga polepole, kwa vidole vitatu, cha tatu kikijikokota, nikikiacha cha nne kilale. Nilikuwa sifikirii mtu mwingine humo ndani. Nilikuwa naaga, nadhani, ingawa nisingekubali mtu aniambie hivyo.

Wifi alikuwa kule kabatini, amenipa mgongo, anageuzageuza vijiti vya ngoma. Akaanza kuimba chini kwa chini, kama mtu anavyoimba akiosha vyombo. Wimbo wake mwenyewe ulimchukua. Ukazungukazunguka, ukaanza kupanda, na mimi nikaupandisha, na gitaa lile la dukani lilikuwa kwenye sauti yake ya kawaida, sauti kamili, ile ya zamani, sauti nzima juu ya pale tulipokuwa tumeshushwa. Mkono wangu ukasimama. Wifi aliendelea. Alipanda mpaka pale juu, akasimama pale pale pa zamani, kichwa kimeinuliwa, sauti imetoka nzima bila ufa, ikajaa chumba kizima mpaka nyuzi za magitaa ya ukutani zikaitikia zenyewe.

Kisha akasikia kwamba gitaa limenyamaza. Akageuka. Akauona uso wangu, akajiziba mdomo kwa mkono.

Fundi alichukua tambara lake, akaenda mlangoni kufuta kioo ambacho kilikuwa kisafi.

"Koo lako," nikasema.

"Wifi yangu."

"Koo lako halina kitu."

Akaja akachuchumaa mbele yangu, gitaa likiwa bado pajani. "Kaka yako aliniomba," akasema. "Ile harusi uliyoangusha kipande cha katikati ukasema uzi umeteleza. Yeye alikuwa amesimama karibu nawe. Alikiona kidole. Akaja nyumbani hakula. Akawa anakubadilishia nyuzi kidogo kidogo ili usishtuke. Zilipofika mwisho wa wembamba ikabaki kuzilegeza, na huwezi kulegeza gitaa moja bendi ikabaki juu. Lazima washuke wote. Na washuke wote kwa sababu gani? Ungeuliza. Wewe unauliza kila kitu. Ndiyo nikasema, waambie ni mimi."

"Ulisema wewe?"

"Nilisema mimi. Kaka yako alitaka kusingizia kinanda."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nilikuwa naona peremende. Kila moja niliyompa, mbele ya wakwe, mbele ya wapiga picha. Nilikuwa najisikia kwenye maikrofoni, magoti hayamruhusu kupanda, na watu wanaangua kicheko, na yeye mkono shingoni. Mwanamke anayeweza kusimama pale juu kama ndege kwenye waya, na mwaka mzima ameinama kupita chini ili mimi nisijulikane. Na ameinama mbele ya nani? Mbele yangu, ninayemcheka.

"Kwa nini hukunipiga kofi?" nikamuuliza.

"Nilikusudia mara nyingi," akasema. "Ila ungejizuia kwa mkono gani?"

Hapo tulicheka wote, na kicheko changu kiligeuka kilio katikati ya njia, cha sauti, cha aibu, machozi yakaangukia gitaa la watu. Nikamwambia naogopa. Nilimwambia habari za kibanio cha nguo na bilauri ya maji. Nikamwambia naogopa kuliko nilivyoogopa nikiingia leba, maana kule nilijua kuna kitu kitatoka. Wifi alikishika kidole changu cha mwisho, akakisugua kama mtu anayemtafutia mtoto joto.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari," akasema. "Mimi na wewe. Usipokwenda nitatangaza kwenye maikrofoni."

Fundi alirudi na kulichukua lile gitaa la nne, akalifuta machozi bila maneno. Nikamuuliza bei yake, kwa adabu tu. Akatikisa kichwa.

"Hili ni Yamaha, na ni zuri, na leo sikuuzii," akasema. "Ukishaonana na daktari, ukajua mkono wako unataka nini, njoo tuchague. Leo utanunua hofu." Akalivuta gitaa langu la zamani. "Hili mbao zake ni nzuri, hata jina lake likiwa limepotea. Shingo haijapinda. Naweza kukuachia nyuzi hizi hizi nyembamba, lakini nizipandishe mahali pake na kuzinyanyua kidogo. Litaacha kukoroma. Litakaza kuliko ulivyozoea, ila si kama haya. Unataka?"

Nilimtazama wifi. Nilijua kila mzunguko wa vifungo vya kukazia nyuzi ungelemea kidole changu.

"Pandisha," nikasema.

Jumamosi alasiri ukumbi wa hoteli ulikuwa na harufu ya mazulia mapya. Mwenye hoteli, mtu mfupi mwenye suruali iliyonyooka, alikaa mbele kabisa na soda yake, na nyuma yake walikuwapo wafanyakazi waliomaliza zamu, wapishi, wahudumu, wamekuja kusikiliza bure. Kaka hakujua kitu. Wifi alikuwa amefunga mdomo tangu dukani, na kufunga mdomo anajua, nadhani hilo limeshathibitika.

Kaka akapiga besi yake kutupa sauti, ile ya chini tuliyoizoea. Binamu akaitikia kwenye kinanda. Kelele akazungusha vijiti. Nikapiga uzi wangu mmoja, mtupu, na ukatoka juu yao sauti nzima, hauna mkoromo hata kidogo.

Kaka akageuka. "Umepotea," akasema chini chini. "Shusha."

"Pandeni nyinyi."

"Dada, si leo."

Aliniangalia, kisha akamwangalia mkewe, na nikaona rangi ikimtoka usoni. Alikuwa ameelewa. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokonda mwaka ule, na nilikuwa nimemwambia mara ngapi kwamba ni koo la mkewe linalomnyima usingizi.

Niliisogelea maikrofoni, ile ile niliyozoea kufanyia mzaha. Mdomo wangu ambao hauna mlango ulikuwa umekauka mpaka ulimi ukanata.

"Wasikilizaji wetu," nikasema, "kwa mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mwimbaji wetu koo limechoka. Nimemcheka mbele ya umati. Koo lake ni zima. Mkono wangu ndio unaoumwa. Vidole viwili havinisikii. Yeye alijishusha ili mimi nisianguke." Nikamnyooshea wifi mkono. "Leo tunapiga juu, mahali pake. Nikikosea, ni mimi."

Mwenye hoteli alishusha soda. Kaka aliinamisha kichwa juu ya besi muda mrefu, nikadhani amekasirika, kumbe alikuwa anapandisha nyuzi na haoni vizuri. Binamu akabonyeza kitufe kimoja tu na kinanda kikapanda. Vinanda havina huruma.

Tukaanza ule wimbo. Nilikosea mara ya kwanza mapema, na kila mtu akasikia. Nilikosea tena katikati, na kaka akajaza pengo kwa besi kabla halijapoa. Nilipiga kwa vidole vitatu. Pale ambapo cha nne kilitakiwa, niliacha wazi. Ulipofika wakati wa kupanda, tulinyamaza wote, na wifi akasimama pale juu peke yake, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Mhudumu mmoja aliyekuwa anapanga viti alisimama na kiti mkononi. Hakukiweka chini mpaka wifi aliposhuka.

Makofi yalipokuwa yanaendelea, wifi alinijia nyuma ya spika, anahema, uso unang'aa jasho. Akafungua mkoba. Ndani mlikuwa mmejaa peremende zangu za asali, mwaka mzima wa peremende, hajala hata moja. Akafungua moja kwa meno, akanishika kidevu, akanitia mdomoni.

"Nyonya, wifi," akasema. "Labda itashuka mpaka mkononi."